Posho, vibarua na Brexit: Waingereza waligombania nini hasa?

Mwishoni mwa Mei 2016, chini ya mwezi mmoja kabla ya kura ya maoni ya Brexit, idara ya takwimu ya Uingereza ilitangaza kwamba mwaka 2015 watu waliohamia nchini humo waliwazidi waliohama kwa 333,000. Kwa David Cameron, waziri mkuu wa wakati huo, hiyo ilikuwa aibu ya hadharani, maana tangu 2010 alikuwa akiahidi kuishusha idadi hiyo hadi makumi ya maelfu tu. Juni 23 wapiga kura wakaamua, kwa asilimia 51.9, kutoka katika Umoja wa Ulaya. Haki ya raia wa Ulaya kuingia Uingereza na kufanya kazi bila kuomba viza ikakoma usiku wa mwisho wa 2020. Halafu, kufikia 2023, ile tofauti ya wanaohamia na wanaohama ikavuka 900,000 kwa mwaka, karibu mara tatu ya ile iliyowafanya watu waghadhibike.

Huku kwetu jambo hili humalizwa kwa sentensi moja: Waingereza hawapendi wageni, ila wanawahitaji. Si uongo, lakini haielezi kitu. Ugomvi huo mmoja umebeba magomvi matatu: nani ana haki ya kuingia, nani ana haki ya kupewa posho ya serikali, na nani atafanya kazi ambazo mwenyeji hazitaki kwa ujira uliopo. Kila gomvi lina sheria zake. Wanasiasa hulijibu moja kwa hoja za jingine, na hapo ndipo msikilizaji anapopotea.

Tuanze na Mei 1, 2004. Siku hiyo nchi kumi zilijiunga na Umoja wa Ulaya, nane kati yake zikitoka upande wa mashariki, Poland ikiwa kubwa kuliko zote. Wanachama wa zamani waliruhusiwa kuchelewa kuwafungulia soko la ajira kwa hadi miaka saba. Ujerumani, inayopakana na Poland, iliitumia miaka yote saba. Uingereza ya Tony Blair, pamoja na Ireland na Sweden, haikungoja. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Wizara ya Mambo ya Ndani ulikuwa umekadiria ongezeko la watu kati ya 5,000 na 13,000 kwa mwaka, lakini makadirio hayo yalidhani kwamba Ujerumani nayo ingefungua. Haikufungua, na waliokuja Uingereza wakawa mamia ya maelfu.

Kuna jambo moja la miaka ile ambalo halikumbukwi sana. Mpoland hakushuka kwenye basi akaenda moja kwa moja kujaza fomu za posho. Hadi 2011 alitakiwa kujiandikisha katika mpango maalumu wa wafanyakazi, alipe ada, na afanye kazi miezi 12 mfululizo ndipo aweze kudai posho ya mtu aliyekosa kazi. Alichoweza kupata mapema ni zile posho anazopewa mtu ambaye tayari yuko kazini. Tofauti hiyo tuishike, tutarudi kwake.

Ukitaka kuona mambo yalivyokuwa mashinani, tazama mji wa Boston, katika jimbo la Lincolnshire mashariki mwa England. Ni nchi tambarare iliyokaushwa maji karne nyingi zilizopita, yenye rutuba ya kabichi, koliflawa na viazi. Kazi ya shamba huko zamani ilifanywa na magenge ya wanawake wa vijijini na vibarua kutoka Ireland. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaja Wareno. Baada ya 2004, Wapoland, Walithuania na Walatvia. Maduka ya Ulaya Mashariki yakaujaza mtaa wa West Street. Sensa ya 2011 ilikuta kwamba takriban mkazi mmoja kati ya kumi wa wilaya hiyo amezaliwa katika nchi zilizojiunga na Umoja wa Ulaya baada ya 2001. Mwaka 2016 asilimia 75.6 ya waliopiga kura Boston walitaka kutoka, kiwango kikubwa kuliko popote pengine katika ufalme mzima.

Kibarua cha huko kinakwenda hivi. Supamaketi haiagizi kabichi za mwezi mzima. Inaagiza leo mzigo wa kesho, na ikiona jua limewaka na watu wanataka saladi, oda inabadilika jioni. Mkulima hamwambii mfanyakazi "njoo Jumatatu hadi Ijumaa". Anampigia wakala, yule nyapara wa kisasa, na wakala anatuma ujumbe wa simu usiku: kesho nataka watu 20. Alfajiri basi dogo linapita kuwazoa. Kesho kutwa linaweza lisipite. Mara nyingi wakala huyo huyo ndiye mwenye nyumba, na kodi anaikata kwenye mshahara kabla haujafika mkononi. Kijana aliyemwacha mkewe Lublin, Poland, anaweza kuishi hivyo miaka miwili, wanane kwenye nyumba ya vyumba vitatu, kwa sababu pauni anazotuma nyumbani zinajenga. Mama wa Kiingereza mwenye watoto wawili shuleni hawezi. Si uvivu. Nani atamlelea watoto saa kumi na moja alfajiri, kwa kazi ambayo hajui kama ipo?

Kazi hizi zilikuwa zimeshaua. Februari 2004, kabla hata ya Wapoland kuruhusiwa, Wachina wasiopungua 21 waliokuwa wakiokota kome kwenye ghuba ya Morecambe, kaskazini-magharibi mwa England, walizamishwa na maji ya bahari yaliyojaa usiku. Bunge likapitisha mwaka huo huo sheria ya kuwapa leseni mawakala wa vibarua. Mawakala waovu hawakusubiri Ulaya ifunguliwe, wala Brexit haikuwaondoa.

Kwa hiyo mkazi wa Boston alipolalamika kuhusu kodi ya nyumba iliyopanda na foleni ya daktari iliyorefuka, hakuwa akiota. Kosa lilikuwa mahali pengine. Kodi ya mapato ya yule Mpoland ilikwenda hazina kuu London, lakini mtoto wake alisoma Boston. Mwaka 2009 serikali ya Leba ilianzisha mfuko wa kusaidia maeneo yaliyopokea wageni wengi, ukigharimiwa na tozo ya pauni 50 kwenye viza za wahamiaji wasio wa Ulaya, Waafrika wakiwemo. Naam, Mwafrika alichangia mzigo wa shule za Lincolnshire. Serikali ya Cameron iliufuta mfuko huo mwaka 2010, kisha ikaanza miaka ya kubana matumizi: halmashauri zikapunguziwa fedha, posho za nyumba zikakatwa kwa mwenye chumba cha ziada, na kikomo cha posho kwa kila kaya kikawekwa mwaka 2013. Mchumi Thiemo Fetzer wa Chuo Kikuu cha Warwick alionyesha katika utafiti wake wa 2019 kwamba maeneo yaliyoumizwa zaidi na ukata huo yaliegemea zaidi upande wa kutoka. Huduma zilipunguzwa wakati ule ule wageni walipoongezeka, na jirani mgeni ndiye aliyeonekana kwa macho. Waziri wa fedha hapangi foleni ya kliniki ya Boston.

Sasa posho. Wengi wetu tukisikia Waingereza wanaishi kwa posho, tunawaza mtu amekaa kochini analipwa mshahara. Zaidi ya nusu ya fedha za wizara inayosimamia posho huenda kwa wazee, pensheni ya serikali ikiwa fungu kubwa kuliko yote. Mtu mmoja mwenye miaka 25 au zaidi, asiye na kipato, mwaka 2025 alipewa msingi wa pauni 400.14 kwa mwezi kupitia Universal Credit, mfumo ulioanzishwa 2013 kuunganisha posho kadhaa. Msaada wa kodi ya nyumba unahesabiwa kando. Na takriban theluthi moja ya wanaoipokea wana ajira. Mshahara wao hautoshi, serikali inajaziliza. Kila pauni anayoichuma mpokeaji ikipita kiwango anachoruhusiwa, senti 55 zinakatwa kwenye posho yake. Hesabu hiyo ndiyo sababu nyingine ya yule mama kuliepuka basi la alfajiri: akiongeza saa za kazi, faida inamponyoka, na zikikatika ghafla, posho inachukua muda kurudi ilipokuwa.

Kujaziliza mshahara kulipanuliwa mwaka 2003 na Gordon Brown, alipokuwa waziri wa fedha. Nia ilikuwa njema, kumfanya mtu aone faida ya kufanya kazi. Lakini mwaka mmoja baadaye soko la ajira likafunguliwa, na hapo vitu viwili vilivyobuniwa mbalimbali vikagongana. Sheria ya Ulaya inasema mfanyakazi kutoka nchi mwanachama atendewe sawa na mwenyeji. Ujerumani haikutishwa sana na kanuni hiyo, kwa sababu posho zake nyingi zinafuata michango: umechangia miaka kadhaa, unalipwa kwa kadiri ya ulichochangia. Mfumo wa Uingereza kwa sehemu kubwa unauliza swali jingine: una shida kiasi gani sasa hivi? Kwa kipimo hicho, Mwingereza aliyelipa kodi miaka 30 kiwandani na Mlithuania aliyefika mwaka jana, wenye mshahara na watoto sawa, wanapata nyongeza ile ile. Kisheria ni haki kabisa. Kwa mtu aliyezoea kuamini kwamba anayetangulia kutoa ndiye anayetangulia kupewa, inauma. Kwa maoni yangu, donda la Brexit kuhusu posho lilikuwa hapo, zaidi ya kwenye kiasi cha fedha, na waliotaka kubaki hawakuligusa.

Cameron alijaribu. Februari 2016 alirudi kutoka Brussels na makubaliano kwamba wageni wapya wa Ulaya wasubiri hadi miaka minne kabla ya kupata posho kamili za walio kazini, kwa kipindi cha miaka saba, na kwamba posho ya mtoto anayelelewa, tuseme, Poland ishushwe kulingana na gharama za maisha za huko. Magazeti yalikuwa yamelipigia kelele suala hilo la watoto wa ng'ambo. Mwishoni mwa 2013 watoto hao walikuwa takriban 34,000. Ndani ya Uingereza, posho hiyo ililipwa kwa zaidi ya watoto milioni 12. Makubaliano yenyewe yalikufa siku kura ilipohesabiwa.

Je, wageni wa Ulaya walikula zaidi ya walichotoa? Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji, inayoishauri serikali yenyewe, ilichapisha ripoti kubwa mwaka 2018. Uchambuzi uliofanywa kwa ajili yake ulionyesha kwamba katika mwaka wa fedha 2016/17 raia wa Ulaya waliokuwa Uingereza walilipa pauni bilioni 4.7 zaidi ya walichopokea kama posho na huduma. Mishahara je? Ripoti hiyo ilikuta athari ndogo kwa jumla, ya kuvuta chini kidogo kwa wanaolipwa kidogo na kupandisha kidogo kwa wanaolipwa vizuri. Utafiti wa Benki Kuu ya Uingereza wa 2015 ulikuwa umepata kitu kinachofanana: katika kazi za huduma zisizohitaji ujuzi mkubwa, sehemu ya wahamiaji ikiongezeka kwa pointi kumi za asilimia, mshahara hushuka kama asilimia mbili. Wachumi wakasema asilimia mbili ni kitu kidogo. Kwa mwenye mshahara wa profesa ni kidogo kweli.

Kura yenyewe ina kioja kinachotuhusu moja kwa moja. Raia wa Poland aliyeishi London miaka 12 hakuruhusiwa kupiga kura ya maoni ya 2016. Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda wenye kibali cha kuishi Uingereza waliruhusiwa, kwa kuwa nchi zao ni za Jumuiya ya Madola. Mrundi na Mkongo hawakuwa na haki hiyo. Na kampeni ya kutoka iliwatongoza hasa wapiga kura wa Madola: kwa nini Mbulgaria aingie bila viza huku mpwa wako wa Gujarat au Lagos anazungushwa ubalozini? Priti Patel, ambaye wazazi wake Wahindi walihamia Uingereza kutoka Uganda, aliahidi wenye mikahawa ya Kihindi kwamba nje ya Ulaya itakuwa rahisi kuleta wapishi. Miaka michache baadaye ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akasimamia kufungwa kwa mlango wa Ulaya. Rishi Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama Tanganyika, naye alipiga kura ya kutoka, kisha ndiye aliyekuwa waziri mkuu idadi ilipofika kileleni.

Hoja ile ya Madola ilikuwa ya kutafutia kura, lakini ilitimia kuliko walivyodhani waliokuwa wakiitoa. Kabichi hazikujua kwamba kuna Brexit. Aprili 2020, katikati ya amri za kukaa ndani kwa sababu ya korona, ndege maalumu ilileta vibarua wa Kiromania kutoka Iași hadi uwanja wa Stansted kuokoa mazao. Mwaka 2021 madereva wa malori walipungua mno, na vituo vya mafuta vikakauka kwa wiki kadhaa. Serikali ikatoa haraka viza za muda 5,000 kwa madereva na 5,500 kwa wachinja kuku. Viza ya vibarua wa msimu, iliyoanza 2019 kama jaribio la watu 2,500, ilifika makumi ya maelfu kwa mwaka, na wachumaji wakawa Wanepali, Waindonesia, Wakirgizi na Watajiki. Wanakaa miezi sita kisha wanarudi kwao.

Kwenye utunzaji wa wazee na wenye ulemavu pengo lilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 2021/22 nafasi 165,000 zilikuwa wazi England. Mshahara wa kazi hiyo hutegemea fedha ambazo halmashauri hulipa nyumba za wazee, na halmashauri zilikuwa zimebanwa tangu 2010. Badala ya kuongeza fedha ili Mwingereza avutiwe, serikali ya Boris Johnson ilifungua viza ya watunzaji Februari 2022. Wahindi, Wanaijeria na Wazimbabwe wakaitikia, na Waafrika Mashariki nao hawakukosekana. Mwaka 2023 pekee viza za afya na utunzaji zilitolewa kwa waombaji takriban 146,000, na kwa wategemezi wao zaidi ya 200,000. Ukiongeza wanafunzi, Waukraine na watu wa Hong Kong, unaipata ile 900,000.

Lakini mgeni huyu mpya hana masharti ya yule Mpoland, na hapa ndipo naona mabadiliko ya kweli ya Brexit yalipo. Mpoland akinyanyaswa na bosi aliacha kazi Ijumaa na Jumatatu akaanza kwingine. Anayefanya kea, yaani utunzaji, kwa viza amefungwa kwa mwajiri aliyemdhamini. Leseni ya mwajiri ikifutwa, hupewa kwa kawaida siku 60 kupata mdhamini mwingine au aondoke. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 waajiri zaidi ya 470 wa sekta hiyo walinyang'anywa leseni, na wafanyakazi kama 39,000 wakaathirika. Wapo waliouza shamba au gari la familia kumlipa ajenti, wakafika na kukuta saa za kazi hakuna. Na posho? Viza zao, kama viza nyingi za kazi na masomo, zimebeba sharti la kutogusa fedha za umma, kwa mujibu wa sheria ya 1999. Wenye viza nyingi nyingine za kazi hulipa pia ada ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima tangu Februari 2024, kabla ya kuingia, mbali na kodi watakayokatwa wakianza kazi; wenye viza ya afya na utunzaji wamesamehewa ada hiyo. Mwajiri amebaki na mikono ile ile, ila sasa haiwezi kuhama.

Usimchanganye mtu huyu na mwomba hifadhi anayevuka bahari kutoka Ufaransa kwa mtumbwi wa mpira. Huyo yuko chini ya sheria nyingine kabisa: haruhusiwi kufanya kazi, anaweza kuomba ruhusa baada ya miezi 12 ya kusubiri, na akiwekwa mahali pa kujipikia, mwaka 2025 alipewa pauni 49.18 kwa wiki. Vichwa vya habari huwaweka wote kwenye kapu moja, na kampeni ya 2016 ilifanya vivyo hivyo: bango maarufu la chama cha UKIP kuhusu Umoja wa Ulaya lilionyesha msafara wa wahamiaji na wakimbizi nchini Slovenia, watu ambao uhuru wa raia wa Ulaya kuhama haukuwahusu hata kidogo.

Machi 2024 watunzaji walikatazwa kuja na wake, waume au watoto. Julai 2025 mlango wa kuwaajiri kutoka nje ukafungwa kabisa, na idadi ya jumla imeanguka: mwaka ulioishia Juni 2025 tofauti ya wanaohamia na wanaohama ilikuwa 204,000. Hilo halijapoza kitu. Chama cha Reform cha Nigel Farage kinataka ukaazi wa kudumu ufutwe, hoja yake kuu ikiwa kwamba waliokuja baada ya Brexit wakiupata wataanza kudai posho. Serikali ya Leba ilijibu Novemba 2025 kwa mapendekezo ya Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood: muda wa kawaida wa kungoja ukaazi upande kutoka miaka mitano hadi kumi, na kwa wenye kazi za daraja la chini, watunzaji wakiwemo, hadi 15. Mtu aliyewahi kudai posho kwa zaidi ya mwaka aongezewe kumi.

Kwa mapendekezo hayo mtunzaji aliyeingia 2022, na aliyekuwa akihesabu kwamba 2027 atatulia, atangoja hadi 2037. Miaka yote hiyo atalipa kodi ile ile anayolipa Mwingereza wa mshahara wake, na posho anayoshukiwa kuinyemelea hawezi kuidai hata mwajiri akimwachisha kazi.